Tatizo ni la Nani? Kubainisha na Kutamka Tatizo la Utafiti katika Historia ya Kiswahili Mpakani: Mfano wa Gikundamvura, Rusizi

Ikisiri

Makala haya yanajadili namna tatizo la utafiti linavyobainishwa na kutamkwa katika uchunguzi wa historia ya Kiswahili nchini Rwanda, kwa kurejelea Sekta ya Gikundamvura, Wilaya ya Rusizi. Hoja kuu ni kwamba kila utawala uliopita katika eneo hili ulikuwa na tatizo lake kuhusu Kiswahili, na tatizo hilo ndilo lililoamua nini kiandikwe na nini kiachwe. Mtafiti anayechukua nyaraka hizo bila kuuliza zilikuwa zikijibu swali la nani hujikuta amerithi tatizo la mwingine na kulitamka kana kwamba ni lake. Makala yanapendekeza vigezo vinne vya kupima tamko la tatizo kabla ya mtafiti kwenda uwandani, na kuonyesha kwamba uamuzi huo wa awali una uzito katika sera ya elimu na lugha.

Maneno muhimu: tatizo la utafiti, historia ya Kiswahili, mpaka, Rusizi, sera ya lugha

1.0 Utangulizi

Katika mapendekezo mengi ya utafiti, sehemu inayoitwa Tatizo la Utafiti huandikwa haraka kuliko nyingine zote. Mwandishi hutaja jambo lisiloridhisha, husema kwamba halijachunguzwa vya kutosha, kisha huhamia kwenye malengo. Hata hivyo, jambo lisiloridhisha na tatizo la utafiti ni vitu viwili tofauti. Upungufu wa walimu wa Kiswahili ni jambo lisiloridhisha, na dawa yake inajulikana: kuwafunza na kuwaajiri. Tatizo la utafiti huzaliwa pale ambapo mambo mawili tunayoyaamini hayawezi kuwa kweli kwa pamoja, au pale ambapo ushahidi tulio nao unakubali maelezo zaidi ya moja na hatuna njia ya kuchagua kati yake.

Wanahistoria wamelisisitiza jambo hili kwa muda mrefu. R. G. Collingwood, katika tawasifu yake ya 1939, alishikilia kwamba hatuwezi kuelewa kauli yoyote mpaka tujue ilikuwa jibu la swali gani. Marc Bloch, katika kitabu kilichochapishwa 1949 baada ya kifo chake, alieleza kwamba nyaraka hazisemi lolote mpaka ziulizwe. Mawazo hayo mawili yakiunganishwa yanatoa funzo ambalo halijazingatiwa ipasavyo katika taaluma yetu: kabla mtafiti hajaziuliza nyaraka swali lake, nyaraka zenyewe zilikwisha kuundwa na swali la mtu mwingine. Makala haya yanalifuata funzo hilo katika eneo dogo, ili lionekane kwa ukaribu.

2.0 Mahali na majina yake

Gikundamvura ni mojawapo ya sekta 18 za Wilaya ya Rusizi, kusini-magharibi kabisa mwa Rwanda, jirani na bonde la Bugarama ambako mipaka ya Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo inakutana. Msemaji wa Kinyarwanda husikia ndani ya jina hilo kitenzi cha kupenda na nomino imvura, ambayo msemaji wa Kiswahili huitambua mara moja kuwa ni ndugu wa mvua. Kwa masafa, Bukavu, Uvira na Bujumbura ziko karibu na eneo hili kuliko Kigali. Dar es Salaam iko mbali mno.

Ugumu wa kwanza wa kubainisha tatizo hapa unatokana na jina la kiutawala lenyewe. Sekta kwa mipaka yake ya leo ni zao la mageuzi ya utawala yaliyoanza kutekelezwa Januari 2006, yaliyounda Mkoa wa Magharibi, yakaifuta Cyangugu kama mkoa, na kuigawa ardhi yake kati ya wilaya za Rusizi na Nyamasheke. Mtafiti anayeandika kwamba atachunguza matumizi ya Kiswahili katika Sekta ya Gikundamvura tangu enzi za Wajerumani ameahidi kuchunguza kitu ambacho hakikuwapo kwa sura hiyo. Nyaraka za zamani zitamjia chini ya jina la Cyangugu, Shangi, Mibirizi au Bugarama, na baadhi ya mahali hapo leo pako wilaya nyingine. Kwa hiyo mawanda ya utafiti hayawezi kuandikwa kwa mstari wa ramani ya sasa pekee.

Mpaka wa kitaifa nao una historia. Mto Rusizi ulithibitishwa kuwa mpaka kati ya himaya ya Ujerumani na ya Ubelgiji katika makubaliano ya Brussels ya 1910. Miaka sita baadaye Wabelgiji waliingia Rwanda katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na mwaka 1925 Ruanda-Urundi ikaunganishwa kiutawala na Kongo ya Ubelgiji. Hivyo, kwa zaidi ya miongo mitatu, mto uleule ambao leo ni mpaka wa dola mbili ulipita katikati ya maeneo yaliyokuwa chini ya bendera moja. Mto Ruhwa, unaotenganisha Rwanda na Burundi katika ukanda huu, ulikuwa mpaka wa ndani ya Ruanda-Urundi mpaka uhuru wa 1962. Kuliita eneo hili pembezoni ni kulitazama kutoka Kigali. Likitazamwa kutoka bonde la Rusizi, liko katikati ya njia.

3.0 Matatizo yaliyotamkwa na wengine

Ili kuona jinsi tatizo linavyorithiwa, inafaa tupitie kwa ufupi wale waliowahi kuwa na tatizo na Kiswahili katika eneo hili.

3.1 Tatizo la utawala wa Kijerumani

Wafanyabiashara wa pwani waliofika Ujiji na kaskazini mwa Ziwa Tanganyika katika karne ya 19 hawakuweza kujenga makazi ndani ya Rwanda ya Mwami Rwabugiri, aliyefariki 1895. Kiswahili kilipata mlango mpana zaidi pamoja na dola ya kikoloni. Wajerumani waliweka kituo cha kijeshi Shangi, kando ya Ziwa Kivu, mwaka 1898, na walikuja na askari, wapagazi na makarani waliokuwa wakitumia Kiswahili kama lugha ya kazi katika Afrika Mashariki ya Kijerumani nzima. Tatizo lao lilikuwa la gharama: namna ya kutawala eneo kubwa kwa maofisa wachache. Ndiyo maana nyaraka za kipindi hicho zinamtaja msemaji wa Kiswahili kama mkalimani, askari au karani. Mwanamke aliyeuza chakula kituoni na kujifunza maneno ya kutosha kwa biashara yake hakuwa sehemu ya tatizo hilo, kwa hiyo si rahisi kumwona katika nyaraka.

3.2 Tatizo la misheni na la utawala wa Kibelgiji

Wamisionari wa Afrika, waliofungua kituo cha Mibirizi mwaka 1903, walikuwa na tatizo lingine. Wengi wao waliona kwamba Kiswahili kimefungamana na Uislamu, nao walihitaji lugha ya kuufikia moyo wa mwumini. Kazi yao kubwa ya kuandika na kusawazisha Kinyarwanda ilitokana na haja hiyo. Utawala wa Kibelgiji ulifanya Kifaransa kuwa lugha ya ngazi za juu na kuwatazama wakazi wa mitaa ya Waislamu mijini kama watu walio nje ya utaratibu wa kimila. José Kagabo, katika utafiti wake wa 1988 kuhusu Uislamu na wale walioitwa Swahili nchini Rwanda, ameonyesha jinsi jina hilo lilivyokuwa la kundi la kijamii na kidini. Funzo la kimbinu ni kubwa: neno Swahili linapotokea katika ripoti ya kikoloni, mara nyingi linahesabu watu, haliwahesabu wasemaji. Mkulima Mkristo aliyejua Kiswahili hakuhesabiwa. Mwislamu aliyezungumza Kinyarwanda nyumbani alihesabiwa.

3.3 Tatizo la usanifishaji

Wakati huohuo, mashariki, mkutano wa Mombasa wa 1928 ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha iliyoanza kazi 1930 ilijumuisha Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar. Ruanda-Urundi na Kongo, zikiwa chini ya Ubelgiji, hazikuwamo. Kamati ilikuwa na tatizo halali la kupata vitabu vya shule vilivyofanana. Lakini kipimo kilichotokana na kazi yake ndicho kinachotumiwa leo kupima Kiswahili cha watu ambao mababu zao hawakuulizwa lolote.

3.4 Tatizo la utangamano

Rwanda ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Katiba iliyorekebishwa 2015 iliruhusu sheria ya msingi kuongeza lugha rasmi, na mwaka 2017 sheria hiyo ilipitishwa, Kiswahili kikawa lugha rasmi pamoja na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Kongo ilipojiunga na Jumuiya mwaka 2022, hoja ya Kiswahili kuwa lugha ya mawasiliano mapana iliongezeka nguvu. Tatizo la kipindi hiki linatamkwa kwa lugha ya upungufu: raia wangapi hawajui Kiswahili, shule ngapi hazina walimu, vitabu vingapi havipo. Ni tatizo la kweli kwa mpanga sera. Linapohamishiwa kwenye tasnifu bila kubadilishwa, hata hivyo, linabeba dhana kwamba mwaka 2017 ni mwanzo, na kwamba kabla yake palikuwa patupu.

4.0 Mahali ambapo tatizo la kweli linajitokeza

Dhana ya patupu haiwezi kusimama mbele ya ushahidi ulio wazi kwa kila anayejua lugha zote mbili. Msemaji wa Kinyarwanda, hata yule anayesema hajui Kiswahili, husema igitabo, ikaramu, imeza, isahani, isabune, idirishya na isaha. Maneno haya yameingia, yamevaa viambishi vya Kinyarwanda, na yamekaa. Yanahusu shule, ofisi, nyumba na usafi, yaani maeneo ya maisha yaliyobadilika kwa kasi katika karne ya 20. Lakini yanasema tu kwamba palikuwa na mgusano. Hayasemi ulitokea upande gani, wala kwa kinywa cha nani.

Hapo ndipo swali linapokuwa gumu kwa Gikundamvura. Masimulizi yaliyozoeleka yanaleta Kiswahili Rwanda kutoka mashariki: pwani, Tanganyika, Kigali, kisha mikoani. Jiografia ya bonde la Rusizi inapendekeza njia nyingine angalau tatu. Ya kwanza ni njia ya Ziwa Tanganyika, kupitia Uvira na Bujumbura. Ya pili ni njia ya kazi: katika miaka ya 1920 migodi ya Katanga iliajiri wafanyakazi kutoka Ruanda-Urundi, na Johannes Fabian ameeleza katika kitabu chake cha 1986 jinsi Kiswahili kilivyojengwa kuwa lugha ya kazi huko Katanga. Ya tatu ni njia ya soko la kila siku na Bukavu, ambayo haikuhitaji mkoloni wala mwalimu.

Tuchukue mfano mmoja wa kiisimu. Tuseme mtafiti anamsikia muuzaji akisema batu mahali pa watu. Umbo hilo linaweza kuwa Kiswahili cha Kongo ya mashariki, ambako kiambishi ba- ni cha kawaida. Linaweza kuwa athari ya moja kwa moja ya Kinyarwanda au Kirundi, ambako abantu lina ba- ileile. Linaweza pia kuwa hatua ya mpito ya mtu anayejifunza Kiswahili sanifu shuleni. Maelezo haya matatu yanaelekeza kwenye historia tatu tofauti: ya uhamaji, ya mgusano wa majirani na ya shule. Umbo lenyewe, hata likikusanywa mara elfu moja, haliwezi kuchagua kati yake. Tukiwa na tamko la tatizo linalosema tu kwamba wazungumzaji hufanya makosa ya upatanisho wa kisarufi, tutakuwa tumechagua maelezo ya tatu kabla ya kuanza, na utafiti wote utathibitisha kile ulichokidhania.

5.0 Kulitamka tatizo upya

Linganisha matamko mawili. La kwanza: "Licha ya Kiswahili kufanywa lugha rasmi mwaka 2017, wakazi wa Gikundamvura bado hawakitumii Kiswahili fasaha, na sababu zake hazijachunguzwa." La pili: "Historia iliyoandikwa inaeleza kuenea kwa Kiswahili nchini Rwanda kutoka mashariki na kupitia dola, ilhali maeneo ya bonde la Rusizi yalihusiana kwa kazi na biashara na Kongo na Burundi, haijulikani ni njia ipi iliyotawala kusini mwa Rusizi, katika vizazi vipi na miongoni mwa watu gani." Tamko la kwanza ni lalamiko lililovaa joho la utafiti. La pili linataja maelezo yanayoshindana, linaonyesha pengo, na linaweza kujibiwa, hata kwa jibu lisilompendeza mtafiti.

Kutokana na ulinganisho huo, makala yanapendekeza vigezo vinne. Kwanza, tamko litaje ni nani aliyewahi kuliona jambo hili kuwa tatizo, na kwa nini. Pili, litaje angalau maelezo mawili yanayoweza kuwa kweli. Tatu, litaje ni ushahidi wa aina gani ungeweza kumwonyesha mtafiti kwamba amekosea. Nne, litaje hasara ya kutojua: nani anaumia kwa sababu swali hili halijajibiwa.

Kigezo cha tatu kinahitaji uangalifu wa pekee mpakani, kwa sababu hali ya mpaka inaweza kujifanya hali ya lugha. Burundi ilifunga mipaka yake na Rwanda Januari 2024. Mtafiti aliyehesabu matumizi ya Kiswahili sokoni kabla ya tarehe hiyo na mwenzake aliyehesabu baadaye wangeweza kupata matokeo tofauti sana bila lugha yenyewe kubadilika vinywani mwa watu. Tamko lisilotaja wakati na hali ya mpaka linapima lango na kudhani linapima lugha.

Kigezo cha nne nacho kinaleta wajibu wa kimaadili. Historia simulizi ndiyo chanzo kikuu cha kujua njia ambazo nyaraka ziliziacha, na swali lake la kawaida ni: ulijifunza wapi, mwaka gani, ulikuwa na nani? Katika iliyokuwa Cyangugu, swali hilo si jepesi. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya 1994, kuvuka kwa umati kwenda Bukavu mwaka huohuo, na kurejea kwa wengi mwaka 1996 vimefanya taarifa ya mahali alipokuwa mtu kuwa taarifa nzito. Kiswahili cha kambini, cha uhamishoni au cha aliyerejea baada ya miongo kadhaa kina historia inayoweza kumtia mtoa taarifa uchungu au hatarini. Mtafiti aliyelitamka tatizo lake vizuri atajua ni maswali gani anayahitaji kweli, na yapi ayaache. Aliyelitamka ovyo atauliza kila kitu, kwa gharama ya mwingine.

6.0 Uzito wa suala hili kwa sera

Washauri wa sera wanaweza kuuliza kama mjadala huu unawahusu. Unawahusu, kwa kuwa tamko la tatizo huchagua dawa. Ikiwa tatizo ni kwamba wakazi hawajui Kiswahili, dawa ni kuanza mwanzo: vitabu vya hatua ya kwanza, walimu kutoka nje, mitihani inayopima umbali kutoka kwenye usanifu. Ikiwa tatizo ni kwamba hatujui ni Kiswahili kipi ambacho wakazi wanacho tayari, na wamekipata vipi, hatua ya kwanza ni kukisikiliza na kukieleza, kisha kumfundisha mwanafunzi usanifu kwa kumwonyesha tofauti kati ya anachokijua na kinachotakiwa mtihanini. Mtoto anayemsaidia mama yake sokoni kwa Kiswahili cha bonde, kisha akaambiwa darasani kwamba hajui Kiswahili, amefundishwa jambo la uongo juu yake mwenyewe. Gharama ya uongo huo haionekani katika takwimu za walimu na vitabu.

Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo ina sababu ya kuzingatia. Mkataba wake wa 1999 unataka Kiswahili kiendelezwe kuwa lugha ya mawasiliano mapana. Huwezi kuendeleza kitu bila kujua kimefika wapi. Sasa ambapo Rwanda, Burundi na Kongo zote ni wanachama, bonde la Rusizi ni mahali ambapo lugha hiyo inaweza kuchunguzwa ikifanya kazi yake bila kuamrishwa.

7.0 Hitimisho

Makala yamejaribu kuonyesha kwamba tatizo la utafiti halikai uwandani likimsubiri mtafiti aje kuliokota. Mjerumani alihitaji karani, mmisionari alihitaji mwumini, Mbelgiji alihitaji utaratibu, kamati ya usanifishaji ilihitaji kitabu kimoja, na dola ya leo inahitaji utangamano. Kila mmoja aliona Kiswahili kwa jicho la haja yake na kuacha nyaraka zinazolingana nayo. Mtafiti wa historia ya Kiswahili Gikundamvura, na popote mpakani, anapaswa kuzisoma haja hizo kwanza, kisha aandike yake kwa uwazi kiasi kwamba msomaji aweze kuibishia.

Inapendekezwa kwamba vyuo vikuu vya ukanda huu viwatake wanafunzi wa uzamili na uzamivu waonyeshe historia fupi ya tatizo lao, yaani lilitamkwa na nani kabla yao na kwa lengo gani, kabla pendekezo la utafiti halijapitishwa. Inapendekezwa pia kwamba utafiti wa historia simulizi kuhusu Kiswahili katika bonde la Rusizi ufanywe kwa ushirikiano wa watafiti wa Rwanda, Burundi na Kongo. Wazee waliojifunza lugha hiyo katika safari za kazi na biashara za kabla ya uhuru wanazidi kupungua, na wanachokikumbuka hakimo katika nyaraka za utawala wowote uliotajwa hapa.